VakıfBank: Klabu ya benki iliyotawala voliboli ya wanawake

KATI ya Oktoba 23, 2012 na Januari 22, 2014, klabu moja ya wanawake jijini Istanbul, Uturuki, iliteremka uwanjani mara 73 na kushinda mara 73. Iliwalaza mabingwa na wanagenzi, nyumbani na ugenini, katika ligi ya nchi yake, katika kombe la Ulaya na katika mashindano ya klabu bingwa duniani. Wasimamizi wa kitabu cha rekodi cha Guinness waliyaingiza mafanikio hayo katika kumbukumbu zao, kwani hapakuwa na timu nyingine ya voliboli ya kulipwa iliyowahi kukaa muda mrefu hivyo bila kuonja kichapo.

Klabu hiyo ni VakıfBank. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imetwaa taji la klabu bingwa barani Ulaya mara sita (2011, 2013, 2017, 2018, 2022 na 2023) na la dunia mara nne (2013, 2017, 2018 na 2021). Katika historia ya kombe la Ulaya, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya sitini, ni klabu tatu tu zilizoitangulia kwa idadi ya mataji: Dynamo Moscow yenye 11, Uralochka ya Yekaterinburg yenye manane, na Bergamo ya Italia yenye saba. Mbili za kwanza ni zao la mfumo wa michezo wa Muungano wa Kisovieti, ambapo serikali iliwakusanya wachezaji bora na kuwaweka pamoja kambini. VakıfBank imefika ilipofika katika zama za soko huria, ambapo mchezaji huondoka mkataba unapokwisha na klabu tajiri humpokonya jirani yake nyota bila kuona haya.

Jina lenyewe halitakuwa geni kwa msomaji wa Kiswahili akilitazama vyema. "Vakıf" ni neno la Kituruki lililotokana na Kiarabu, na ndugu yake katika Kiswahili ni wakfu. Wenyeji wa pwani wanajua maana yake: shamba, nyumba au kisima ambacho mwenyewe amekitoa kwa ajili ya msikiti, madrasa au maskini, kisichouzwa wala kurithiwa tena. Katika himaya ya Uthmaniya mali za wakfu zilikuwa nyingi ajabu, na jamhuri iliyofuata iliziweka chini ya idara maalumu ya serikali. Mwaka 1954 sheria ilipitishwa ili fedha za wakfu hizo zitumike kuanzisha benki ya kisasa, nayo ikaitwa Benki ya Wakfu ya Uturuki, au VakıfBank kwa ufupi. Kwa miaka mingi hisa zake nyingi zilishikiliwa na idara hiyo, na mwaka 2019 zikahamishiwa Hazina ya taifa. Hivyo basi, wanawake wanaoruka kwenye wavu wakiwa na nembo ya benki hiyo kifuani wanalipwa na taasisi ambayo mizizi yake ni sadaka za watu waliokufa karne kadhaa zilizopita.

Klabu ilianzishwa mwaka 1986, na makao yake ya mwanzo yalikuwa Ankara, mji mkuu. Katika miaka ya tisini ilikuwa tayari imeonja ubingwa wa Uturuki. Baadaye iliunganishwa na timu ya Güneş Sigorta, kampuni ya bima yenye uhusiano na benki hiyo, na maskani yakawa Istanbul. Majina ya wafadhili yakarundikana kwenye jezi hadi kufikia kiasi cha kuchekesha: wakati mmoja, kampuni ya simu ya Türk Telekom ilipojiunga, watangazaji walilazimika kulitamka jina refu la VakıfBank Güneş Sigorta Türk Telekom kila mpira ulipopita wavu. Mataji ya Ulaya ya ngazi ya pili na ya tatu yalipatikana mwaka 2004 na 2008. Yalikuwa mafanikio ya heshima, lakini hayakumtisha yeyote huko Italia wala Urusi.

Ili kuielewa klabu hii ni lazima kwanza kuujua mji wake. Istanbul ina mashabiki wa soka wenye mori usiomithilika, na mahasimu wawili wakuu wa soka, Fenerbahçe na Galatasaray, wana timu za voliboli za wanawake pia. Fenerbahçe hasa hujaza ukumbi kwa wafuasi walewale wanaoimba kwenye uwanja wa kandanda, wakiwa na ngoma na skafu za manjano na buluu. Wa tatu ni Eczacıbaşı, klabu iliyoanzishwa mwaka 1966 na familia yenye viwanda vya dawa, ambayo ilifanya voliboli ya wanawake kuwa fahari yake wakati wengine bado waliiona kama mchezo wa shuleni. VakıfBank haikuwa na umaarufu wa soka wala utukufu wa ukongwe. Ilikuwa timu ya benki. Mashabiki wake wa awali, kama ilivyo kwa timu nyingi za mashirika hapa Kenya, walikuwa wafanyakazi wenzao, jamaa na marafiki.

Lakini kuishi karibu na mahasimu wa aina hiyo kuna faida yake. Kabla ya VakıfBank kukabiliana na bingwa wa Italia mwezi Mei, huwa imeshapambana na Eczacıbaşı na Fenerbahçe mara kadhaa katika ligi na kombe la nchi, na katika mechi hizo hakuna seti ya bure. Fenerbahçe ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 2010 na wa Ulaya mwaka 2012. Eczacıbaşı ilishinda Ulaya mwaka 2015, na dunia mwaka 2015, 2016 na 2023. Hakuna mji mwingine duniani uliowahi kuwa na klabu tatu za aina hiyo kwa wakati mmoja. Bingwa wa Istanbul ameshafanya nusu ya kazi ya kuwa bingwa wa Ulaya.

Mwaka 2008 uongozi wa klabu ulimkabidhi timu Mwitalia aitwaye Giovanni Guidetti. Alizaliwa Modena mwaka 1972, alikuwa na umri wa miaka 36 hivi, na wakati huohuo alikuwa akiinoa timu ya taifa ya Ujerumani. Ni mtu wa vituko pembeni mwa uwanja, mwenye kurukaruka, kupiga magoti na kujishika kichwa, kiasi kwamba mtazamaji asiyemjua angedhani timu yake inaelekea kushindwa. Nyuma ya vituko hivyo pana utaratibu. Timu zake hutambulika kwa namna zinavyozuia mpira kwenye wavu na kulinda nyuma ya ukuta huo wa mikono. Mshambuliaji wa wapinzani hujikuta akipiga mpira ambao kwingine ungekuwa pointi, nao unarudi, anapiga tena, unarudi tena, hadi subira inamwishia.

Matunda hayakuchelewa sana. Machi 2011 fainali za klabu bingwa Ulaya ziliandaliwa Istanbul, katika ukumbi wa Burhan Felek uliopo Üsküdar, upande wa Asia wa mji. VakıfBank iliizaba Rabita Baku ya Azerbaijan seti 3-0, na nyota wa siku akawa Małgorzata Glinka kutoka Poland. Hapakuwa na klabu ya Uturuki iliyowahi kutwaa kombe hilo kabla ya hapo. Miezi saba baadaye, Oktoba, timu hizo mbili zilikutana tena mjini Doha katika fainali ya klabu bingwa duniani, na safari hii Rabita ikalipiza kisasi kwa 3-0. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuyakumbuka mashindano hayo ya Doha: mwakilishi wa Afrika alikuwa Kenya Prisons, bingwa wa bara, na wanawake wa Idara ya Magereza waliingia ukumbi mmoja na wachezaji ambao kuruka na kupiga mpira ndiyo kazi yao pekee.

Msimu wa 2012-13 ndio ulioanzisha ule mfululizo wa ushindi 73. Guidetti alikuwa na Glinka, Jovana Brakočević kutoka Serbia, Mjerumani Christiane Fürst katikati ya wavu, na Waturuki wawili ambao bila wao wageni hao wasingefika mbali: Naz Aydemir kama mpangaji wa mipira na nahodha Gözde Kırdar pembeni. Ligi ya Uturuki ilikwenda kwao, Kombe la Uturuki likafuata, na Machi 2013 wakailaza Rabita tena 3-0 hapo hapo Burhan Felek kutwaa taji la pili la Ulaya. Brakočević ndiye aliyetuzwa. Oktoba mwaka huohuo, mjini Zürich, Uswisi, wakaizima Unilever ya Rio de Janeiro 3-0 katika fainali ya dunia. Kenya Prisons walikuwapo huko pia.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko hata zile mechi 73. Machi 2014, mjini Baku, VakıfBank ilicharazwa 3-0 katika fainali ya Ulaya na Dinamo Kazan ya Urusi. Mwaka 2015 ikaambulia nafasi ya tatu, na jambo lililouma zaidi ni kwamba kombe lilichukuliwa na jirani, Eczacıbaşı. Mwaka 2016 ikafika fainali tena, huko Montichiari, na kunyukwa 3-0 na Casalmaggiore, klabu ya mji mdogo wa Italia ambayo wachache waliipa nafasi. Misimu mitatu, fainali mbili, na hakuna hata seti moja iliyoshindwa katika fainali hizo. Katika klabu nyingi, za Ulaya na za kwetu, kocha angeshafungishwa virago baada ya kichapo cha pili. Wengine wangemtimua baada ya cha kwanza na kuchapisha taarifa ya kumtakia kila la heri.

Guidetti hakuguswa. Uongozi wa benki ulitazama timu iliyofika hatua za mwisho mwaka baada ya mwaka ukaona kwamba kasoro ilikuwa ndogo na kwamba kubomoa nyumba kwa sababu ya paa linalovuja si busara. Aliendelea kuinoa timu kwa zaidi ya miaka 15, muda ambao ni nadra mno katika michezo ya kulipwa, na katika kipindi hicho alikuwa pia na kazi ya timu za taifa: Ujerumani, Uholanzi, Uturuki na hatimaye Serbia. Mataji manne kati ya sita ya Ulaya yalikuja baada ya kile kipigo cha Montichiari.

Mwaka 2016 klabu ilimsajili Zhu Ting. Binti huyu wa familia ya wakulima kutoka jimbo la Henan alikuwa ametoka tu kuiongoza Uchina kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Rio, ambako alichaguliwa kuwa mchezaji bora. Si kawaida kwa nyota wa Uchina kuruhusiwa kwenda kucheza nje katika kilele cha nguvu zake, na kuwasili kwake Istanbul kuliwafanya Wachina wengi wafuatilie ligi ya Uturuki. Kwa urefu wake wa karibu mita mbili aliupiga mpira kutoka juu ya mikono ya wazuiaji, na hakuwa mtu wa kelele. Aprili 2017, katika ukumbi wa wenyeji Conegliano mjini Treviso, VakıfBank iliwanyamazisha Waitalia hao 3-0 na Zhu akatuzwa. Mwaka huohuo ubingwa wa dunia ukapatikana Kobe, Japani, dhidi ya klabu ileile ya Rio iliyofungwa Zürich, na mwaka 2018 ukapatikana tena Shaoxing, Uchina, dhidi ya Minas ya Brazil. Katika mashindano yote mawili Zhu alikuwa mchezaji bora.

Hata hivyo, taji la Ulaya la 2018 lilikuwa la mtu mwingine. Huko Bucharest, VakıfBank ilipoishinda Alba Blaj ya Romania 3-0, aliyetangazwa mchezaji bora alikuwa nahodha Gözde Kırdar, na msimu ulipokwisha alistaafu. Alikuwa ameichezea klabu tangu siku ambazo kombe la tatu la Ulaya lilihesabiwa kuwa jambo kubwa. Wageni mashuhuri walikuja na kuondoka, yeye akabaki kuwafundisha njia ya kwenda ukumbini. Ni vigumu kufikiria mwisho mwema zaidi kwa mchezaji wa klabu moja.

Habari za Kırdar zinafungua mlango wa suala ambalo wapenzi wa voliboli wasio Waturuki hulisahau. Katika ligi ya Uturuki, idadi ya wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kuwa uwanjani kwa wakati mmoja ina kikomo. Benki inaweza kuwa na fedha za kuwanunua wachezaji sita bora wa dunia, lakini haiwezi kuwachezesha wote sita dhidi ya Fenerbahçe. Mwenye Waturuki hodari ndiye anayeshinda, na Waturuki hodari ni wachache, kila klabu kubwa inawataka. Njia ya uhakika ni kuwalea mwenyewe.

VakıfBank ilifanya hivyo. Ina shule za voliboli za wasichana na timu za vijana, na zao lake ni sehemu ya uti wa mgongo wa timu ya taifa. Zehra Güneş, mzuiaji wa katikati aliyezaliwa mwaka 1999, alikuzwa humo. Ebrar Karakurt, mshambuliaji ambaye baadaye alikwenda Italia, alipitia humo pia. Mpangaji wa mipira Cansu Özbay aliingia timu ya wakubwa akiwa kijana akarithi nafasi ambayo hairithiki kwa urahisi. Kwa asiyeujua mchezo huu, mpangaji ndiye anayegusa mpira wa pili katika kila shambulizi na kuamua nani apige. Washambuliaji wanaweza kubadilishwa kila kiangazi, lakini mpangaji akibadilishwa, timu nzima hujifunza upya kutembea. Klabu iliyoacha nyota wa kigeni waje na kwenda haikuruhusu nafasi hiyo itikisike ovyo.

Zhu Ting aliondoka mwaka 2019. Nafasi za wageni zikajazwa na Isabelle Haak, Mswidi aliyekuwa bado na umri wa miaka 20, na Gabriela Guimarães wa Brazil, anayejulikana kila mahali kama Gabi. Hapo ndipo kulipozuka uhasama ambao pengine ni mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu za wanawake. Conegliano, timu ya mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Italia ambako hutengenezwa mvinyo wa prosecco, ilikuwa imeanza mfululizo wake wa ushindi Desemba 2019 na haikupoteza mechi. Mei 2021 zikakutana Verona katika fainali ya Ulaya. Ilikwenda seti tano. Paola Egonu, Mwitalia mzaliwa wa wazazi kutoka Nigeria, aliifungia Conegliano pointi 40 peke yake, na VakıfBank ikalala 3-2. Kabla ya mwaka kwisha Conegliano ikaipita ile rekodi ya mechi 73, ikafikisha 76.

Desemba 2021, katika fainali ya dunia mjini Ankara, zilikwenda seti tano tena, na sasa ilikuwa zamu ya Waturuki kusherehekea 3-2, huku Haak akitangazwa mchezaji bora. Mei 2022, mjini Ljubljana, VakıfBank ilishinda 3-1 na kurejesha taji la Ulaya. Gabi ndiye aliyetuzwa. Fainali tatu kubwa ndani ya miezi 13, wahusika walewale.

Kisha kikatokea kituko cha soko la wachezaji. Kiangazi cha 2022 Egonu aliihama Conegliano akaenda VakıfBank, na Haak akaihama VakıfBank akaenda Conegliano. Ni kana kwamba mahasimu wawili walibadilishana bunduki kabla ya vita. Desemba mwaka huo zilikutana Antalya katika fainali nyingine ya dunia, Conegliano ikashinda 3-1, na mchezaji bora akawa Haak, dhidi ya wenzake wa juzi. Egonu naye alipata siku yake Mei 2023 mjini Turin. Fainali ya Ulaya siku hiyo ilikuwa kati ya VakıfBank na Eczacıbaşı, majirani wa Istanbul waliosafiri hadi Italia kumaliza ugomvi wa nyumbani, na VakıfBank ikashinda 3-1. Egonu aliondoka na tuzo ya mchezaji bora, kisha akaondoka klabuni. Alikuwa amekaa msimu mmoja tu.

Mwaka huohuo wa 2023 Uturuki ilivuna ilichokuwa imepanda kwa miaka mingi. Timu ya taifa ya wanawake ilishinda Ligi ya Mataifa mwezi Julai, na Septemba ikatwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza, ikiilaza Serbia 3-2 mjini Brussels. Nahodha Eda Erdem na mfungaji Melissa Vargas, mzaliwa wa Cuba aliyepata uraia wa Uturuki, walikuwa wa Fenerbahçe, lakini Özbay na Güneş wa VakıfBank walikuwa nguzo. Kocha wa Uturuki alikuwa Daniele Santarelli, yuleyule anayeinoa Conegliano. Na kocha wa Serbia aliyesimama upande wa pili akiwatazama wanafunzi wake wa Istanbul wakimnyima dhahabu alikuwa Guidetti.

Haya yote yanasimama juu ya mfuko mmoja, na hapo ndipo penye wasiwasi. Viingilio vya voliboli ya wanawake havitoshi kuwalipa wachezaji wa hadhi ya Zhu au Egonu, hata huko Istanbul. Bila mfadhili hakuna klabu. Historia ya miaka ya karibuni imejaa mifano ya yanayotokea mfuko unapofungwa. Rabita Baku, bingwa wa dunia wa 2011, ilitegemea fedha nyingi zilizomiminika katika voliboli ya Azerbaijan kwa kipindi kifupi. Leo jina lake halisikiki katika mashindano yoyote ya Ulaya. Voléro Zürich, wenyeji wa mashindano ya dunia ya 2013, iliihama Uswisi mwaka 2018 ikaenda Le Cannet, Ufaransa, kwa kuwa mwenye mali ndivyo alivyotaka. Bergamo, yenye mataji saba ya Ulaya, iliachwa mwaka 2018 na kampuni ya Foppapedretti ambayo jina lake lilikuwa kama jina la klabu yenyewe, na haijarudi kileleni.

Benki ya serikali ni mfadhili mtulivu zaidi kuliko tajiri mmoja mwenye hamaki. Haifilisiki kwa urahisi, haihami nchi, na wakurugenzi wake wakibadilishwa timu hubaki. Lakini hata utulivu huo una bwana wake. Anayeteua wakurugenzi wa benki ni mwanasiasa, na bajeti ya michezo huwa miongoni mwa vifungu vya kwanza kutazamwa kwa jicho baya nyakati za ukata.

Mkenya atauelewa mfumo huu bila kufafanuliwa sana. Timu zilizoliletea taifa sifa katika voliboli ya wanawake ni za mashirika: Kenya Pipeline, Kenya Prisons, na KCB, ambayo ni benki pia na imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2006 na 2022. Tofauti imo katika mkataba. Mchezaji wa VakıfBank ameajiriwa kucheza, na siku anapochoka au kuumia mkataba unakwisha. Wa Prisons ameajiriwa kuwa askari magereza, anacheza akiwa kazini, na akitundika viatu bado ana cheo, mshahara na matumaini ya pensheni. Wa kwanza hufanya mazoezi kama mtaalamu kwa muda wote na hupata kipato kikubwa katika miaka michache. Wa pili hulala usingizi. Wanaotaka voliboli ya Kenya ifanywe ya kulipwa kwa amri ya siku moja hawajamuuliza bado yule mwenye watoto wa kusomesha. Na wanaotaka ibaki ilivyo wanapaswa kueleza kwa nini tangu Doha na Zürich pengo kati ya klabu zetu na zile za Istanbul halijapungua.

Baada ya Turin mambo yalianza kubadilika. Fenerbahçe iliitawala ligi ya Uturuki kwa muda. Mwaka 2024 Gabi alihama baada ya misimu mitano, na alikokwenda ni Conegliano, ambayo mwaka huo ilitwaa taji la Ulaya kwa kuifunga Milano ya Egonu 3-2 mjini Antalya. Mei 2025 Conegliano ikalitetea taji hilo mjini Istanbul kwenyewe, kwa kuizima Scandicci 3-0, na VakıfBank iliyokuwa mwenyeji wa jiji haikufika fainali.

Jibu la benki lilikuja wiki chache baadaye. Tijana Bošković, Mserbia wa mkono wa kushoto aliyeiongoza nchi yake kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 2018 na 2022, na ambaye kwa miaka kumi alikuwa roho ya Eczacıbaşı, alisajiliwa na VakıfBank mwaka 2025. Hakuhitaji hata kuhama jiji.